Picha ya Mishipa ya Pua Yangu

Kiangazi kile pua yangu ilitoa damu mara nne ndani ya wiki mbili, kila mara tundu la kushoto. Mara ya nne nilikuwa ubaoni, nafundisha hesabu za sehemu katika shule yetu ya Nangara. Wanafunzi walipiga kelele. Mimi nikainua kichwa juu, kama tulivyozoeshwa utotoni, nikaishia kumeza damu.

Baba yangu, mfugaji wa Hanang, alikuwa amekuja kunisalimu. Akakataa katakata niende hospitali peke yangu.

Daktari alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri. Alimwamkia baba shikamoo, kisha akanigeukia. "Mwalimu, siku nyingine inama mbele, ubane pua hapa penye nyama laini." Akapitisha kamera nyembamba puani. Kwenye skrini tukaona ukuta unaotenganisha matundu mawili, na mishipa myembamba kama nyuzi imesongamana pale mbele.

Baba akasogea. "Ng'ombe tunamtoa damu shingoni. Mshipa wake naupata hata nikifumba macho. Huu mdogo hivi ndio unamwaga damu yote ile?"

"Ndiyo, baba. Mingine inashuka kutoka karibu na jicho, mingine inapanda kutoka kaakaani. Inakutana hapa, na kinachoifunika ni chembamba sana."

Lakini kwa kuwa damu ilitoka upande mmoja tu, alitaka picha ya CT, kuhakikisha hakuna uvimbe huko nyuma.

Nikalazwa kwenye mashine, nikachomwa mkononi dawa ya kuonyesha mishipa. Joto likanipanda shingoni, likashuka mpaka mapajani, nikaamini kabisa nimejikojolea. Nililala pale kwa aibu, nikiwaza nitatokaje. Niliposhuka nikapapasa sketi: kavu! Nilipomsimulia baba, alicheka hadi akashika ukuta.

Majibu yakaja mazuri, hakuna uvimbe. Daktari akakigusa kile kishipa kilichokuwa kikivuja kwa dawa ya kuchoma, ikawasha kama pilipili, basi.

Baba akaomba apewe ile picha ya CT, iliyochapwa kwenye plastiki.

"Picha ni ya mgonjwa, baba," daktari akasema.

"Na mgonjwa ni wa nani?"

Aliondoka nayo Hanang, ameifunga ndani ya shuka. Mama anasema kila mgeni anayefika boma letu lazima aishike juani na kuonyeshwa, mshipa kwa mshipa, pua ya mwalimu.