Mwalimu wa Mwani

Kwetu msomi alikuwa mmoja tu, mimi. Mdogo wangu alifeli kidato cha nne, akabaki kijijini Moa kulima mwani, na kila Idi nilimpelekea kanga na mawaidha. Alipokea vyote. Sikuwahi kumwonea wivu. Nimwonee kwa lipi?

Chuoni Tanga nilifundisha somo la Ujamaa na Ushirika kwa daftari nililoliandika mwenyewe nikiwa mwanafunzi. Vijana walilitoa kopi mwaka nenda mwaka rudi. Kisha mtaala ukabadilishwa. Zama zile zimepita, tukaambiwa. Vijana wanamaliza na vyeti vyao na hawajui kitu, sasa wafundishwe kwa vitendo na watu wa kazi. Somo langu likafutwa. Mimi nikapangiwa kusindikiza wanafunzi Moa, na huyo mtu wa kazi waliyemteua, lo, ni mdogo wangu!

Mama alipiga vigelegele. "Sasa nina walimu wawili!" Nikatabasamu huku roho inaniuma. Wawili? Mimi nimesota miaka yote ile, yeye kasoma wapi?

Siku ya kwanza tulikuta maji yamekupwa. Wanafunzi wangu walinipita, wakamwendea yeye moja kwa moja: "Shikamoo, mwalimu!" Matope yalimfika magotini. Akawaeleza mwani upi hufa maji yakipata joto, mnunuzi gani hupunja kwenye mizani, na kwa nini wanawake wa kikundi chake wamekataa kuuza mmoja mmoja. Jamani, huo si ndio ushirika niliokuwa nikiufundisha mimi? Mbona kwangu walisinzia, na kwake wanaandika mpaka kalamu zinaisha wino?

"Dada, hebu nawe jaribu," akaniambia, akanipa kipande cha mwani nikifunge kwenye kamba. Nikafunga. Vijana wakaanza kusogea watazame. Nilipoachia tu, fundo likafunguka, mwani ukaanguka majini.

Hawakuwahi kuona. Alijitia kati yangu na wao, akainama kama anayeokota kitu, akaufunga upya kwa vidole viwili bila hata kutazama.

"Mmeona?" akawaambia. "Mwalimu wenu anavyofunga, nanyi mfunge hivyo hivyo."

Wakanipigia makofi. Angenicheka, wallahi ningemsamehe. Lakini kunisitiri! Yeye, anisitiri mimi! Nilirudi zangu Tanga, nyumbani Mabawa, bila kumuaga.