Siku Mama Alipokubali Kuitazama Timu ya Taifa

Miaka yote, timu ya taifa ikicheza, Mama hutoka nje. Anaamini ana mkosi: akisogea tu karibu na redio, tunafungwa. Basi niliposikia timu ya wanawake itacheza mechi ya kirafiki Iringa, nilimwambia tunakwenda kumsalimia Vumilia, rafiki yangu niliyesoma naye ualimu. La mechi nikalinyamazia.

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda basi Uyole, Mbeya, Mama kajitanda vitenge viwili kwa baridi. Tulipofika Chimala wakapanda akina mama watatu wauza mchele, nyuso wamezipaka rangi za bendera, wanaimba.

"Hawa wanaenda wapi?" Mama akauliza.

"Iringa."

"Kufanya nini?"

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Siri ikaishia hapo. Mama alininunia mpaka Makambako, ingawa niliuona mguu wake ukifuata wimbo.

Saa nane mchana tulishuka Ipogolo, Iringa. Vumilia alikuja mbio, akitusalimu kwa Kihehe.

"Kamwene! Shikamoo Mama! Jezi yako hii hapa."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nitabaki nipike. Nikija mtafungwa."

"Tukifungwa, Mama, nakubeba mgongoni mpaka Uyole!"

Mama akacheka, akaivaa jezi juu ya kitenge.

Uwanjani, saa kumi, jukwaa lilifurika. Dakika ya ishirini wageni wakafunga. Mama akasimama, machozi yakimlengalenga.

"Si niliwaambia? Niacheni nitoke."

Alifika kwenye ngazi, akakwama. Watu walikuwa wamejaa hapo hadi chini. Mara filimbi ikalia: penalti, yetu! Mama hakuwa na pa kupita wala pa kujificha. Akatazama. Bao! Baba mmoja asiyemjua akamnyanyua juu kama mtoto, naye akapiga vigelegele vya kutoboa masikio. Tulipopata la pili, dakika za mwisho, jukwaa zima lilikuwa likiitikia wimbo anaouongoza yeye.

Kesho yake, tukirudi Mbeya, nilimtazama kwenye kiti cha dirishani. Nilikuwa najihesabu shabiki wa kweli kwa kuwa sikosi mechi. Kumbe yeye alizikosa zote kwa kuipenda timu, akisimama peke yake migombani, asisikie chochote, ili sisi tushinde.

Tulipofika Mafinga, Mama akanigusa bega. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa, akanong'ona:

"Hivi, Dar es Salaam ni mbali sana?"