Mji Ulioimbwa na Nyanya

Juzi nimetua tena Juba. Nikiwa bado nasubiri begi pale uwanja wa ndege, mama mmoja nyuma yangu akawa anaimba kwa pua wimbo wa kanisani, nami nikageuka kumtazama. Unajua, rafiki yangu, mimi Juba niliijua kwa nyimbo kabla ya kuiona kwa macho.

Nyanya yangu alikuwa mtunzi. Kule kambini Kenya, tulikoishi kama wakimbizi wa vita vya Sudan, wanawake wa kanisa letu walitunga nyimbo zao wenyewe. Waliuchukua mji mtakatifu wa Zaburi, wakauita Juba: malango mapana, mto wa furaha, taa zisizozimika. Wakiimba, wote waligeuka kutazama magharibi, upande iliko Juba. Nami nikageuka nao, mashavu yamejaa mandazi, nikayaamini malango yote.

Amani iliposainiwa, wakubwa walisema tunarudi. Mimi narudi wapi, na sijawahi kufika? Tukapanga chumba mtaa wa Buluk. Vumbi, jenereta, foleni ya maji. Malango niliyatafuta mpaka mtaa wa Hai Cinema, nikaona vibanda vya simu na samaki wa kukaanga. Watoto waliniuliza natoka wapi, kwa Kiarabu cha Juba: “Ita min wen?” Nikiwajibu kwamba natoka hapahapa Juba, kwa Kiswahili changu, wanaangua kicheko. Nilikuwa mpweke, sikufichi. Aliyenisemesha ni jirani yetu Mganda, muuza chapati: “Wewe mtoto iko peke yako kila siku. Kuja kula.”

Nikaiweka roho yangu kwenye Jumapili. Nyanya akishaimba, nilijiambia, mji huu utakuwa ule.

Jumapili akasimama mbele ya kanisa. Akageuka magharibi kwa mazoea, akasita. Akageukia mlangoni, kisha madhabahuni. Watu wakangoja. Akaniinamia, akanong'ona, “Sasa nitazame wapi, mama?”

Akaketi, na tangu siku ile hakutunga tena. Alipika, alifua, alisalimia watu vizuri tu. Nikimwomba wimbo anasema koo limekauka.

Wenzake wa kambini walitawanyika, kila mmoja na njia yake, na nyimbo zile hakuna aliyeziandika. Tulipomzika, nikaombwa nianzishe mmoja wa kwake. Nikaanza, nikafika kwenye kiitikio, nikanyamaza ili watu waitikie. Hakuna aliyeujua. Basi nikaitikia mwenyewe, ubeti kwa ubeti, mpaka mwisho.