Misuli ya Tarishi

Tarishi wa jengo la ghorofa saba alikuwa na miguu ya korongo mpaka siku lifti ilipokufa. Ndipo akaanza kupanda ngazi mbio, mafaili kifuani, safari ishirini kwa siku. Mwezi haujaisha, mapaja yakamfura kama magunia ya unga. Siku moja akapiga chafya, suruali ikapasuka hadi kiunoni, kifungo kikaruka kikavunja dirisha la ng'ambo ya barabara. Anayebisha akalitazame, halijawekwa kioo mpaka leo.

Shangazi yake, fundi cherehani, akaigeuzageuza ile suruali, akasonya. "We mtoto wa kaka yangu, hii ni suruali au hema?"

"Niongezee kitambaa tu, shangazi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi ujao ni usaili. Miaka tisa nimekuwa kibarua, sasa wanataka tarishi wa kudumu!"

"Kitambaa kimeniishia. Punguza mapaja. Mbio za kukurupuka ndizo zinazokujaza. Kimbia mdogomdogo, mwendo mrefu, ukauke."

Akatii. Kila alfajiri alikwenda hadi kiwanda cha matofali na kurudi, mdogomdogo. Mapaja yakanywea, yakawa kamba. Shangazi akaibana suruali, roho kwatu. Kumbe njiani kulikuwa na kilima, na yule bwana alikipanda kwa ncha za vidole asije akamaliza visigino vya viatu. Mashavu ya miguu yakatuna, mapapai mawili!

"Mashavu ya usoni yamebonyea," shangazi akashika kichwa, "kumbe yamehamia huku chini!"

Alhamisi ya kuamkia usaili suruali ilikwama kwenye mashavu, haipandi, haishuki. Ikabidi shangazi amtoe kwa mkasi.

"Basi tena," tarishi akasema, machozi yakimlengalenga. "Nitabaki kibarua mpaka nife."

"Hebu nisomee hilo tangazo lao."

"Anatakiwa tarishi mwenye misuli."

"Misuli! Si ungesema mapema?" Shangazi akafungua sanduku la marehemu mumewe, akatoa misuli miwili ya mirabaraba. "Mmoja vaa, mmoja beba. Wamesema misuli, hawakusema msuli."

Ijumaa ukumbini walikaa wanaume sita, suruali zimepigwa pasi na kubana. Bosi, mama wa miwani minene, akamkazia macho tarishi.

"Wewe vipi, umetokea bafuni?"

"Tangazo limesema misuli, mama. Huu hapa, na mwenzake huu."

Wale sita wakacheka hadi wakapaliwa. Tarishi akatamani ardhi immeze.

"Misuli ya miguu, baba!" bosi akafoka.

Akapandisha pindo kidogo. "Hata hiyo ipo."

Bosi akafuta miwani. "Haya, kila mtu na katoni yake ya karatasi, ghorofa ya saba!"

Ghorofa ya tatu hawajaifika, kraa! kraa! Suruali sita zikaachia. Wenyewe wakateremka kinyumenyume, migongo ukutani. Tarishi akapaa na msuli wake, upepo unapita, akafika juu hajahema. Akasaini ajira ya kudumu papo hapo.

Wino haujakauka, fundi akaja akaitengeneza lifti.

Sasa anapanda na mafaili kwa kubonyeza kitufe, na miguu imerudi ya korongo. Msuli unamvuka, kaushika kwa mkono mmoja. Juzi shangazi kamletea suruali mpya, kaishona kwa vipimo vya yale mapaja ya zamani. Tarishi kaivaa, miguu yote miwili ikaingia upande mmoja.

"Usiipunguze," shangazi akasema. "Upande wa pili weka mafaili."