Farasi wa Kijivu na Safari ya Ulaya

Mama mmoja muuza makaa pale mtaani kwetu Silanga, Kibera, alituambia kwamba farasi wa kupandwa hafii Kenya. Akizeeka anapandishwa ndege, anarudishwa Ulaya kupumzika. Shemeji yake aliwahi kuiona hiyo ndege ikipita juu ya bwawa la hapo mtaani, vichwa vya farasi vimetoka madirishani, vinatafuna nyasi. Niliamini kabisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, cheti ninacho, na bado ningeapa mahakamani.

Kwa hiyo nilipopata kibarua kwenye mazizi ya farasi kando ya Ngong Road, niliwaonea wivu wanyama wote mle. Mimi nikizeeka, ningezeekea kijiji cha Raila, humo humo Kibera.

Aliyenifunza alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, mzee wa Kawangware mwenye viganja vipana kama sepeto. Alinipa farasi wa kijivu, mzee pia, mguu wa mbele umevimba. Hakuna mwingine ambaye angenivumilia.

"Hii?"

"Tandiko."

"Mkanda wa chini ya tumbo?"

"Mshipi."

"Chuma cha mdomoni?"

"Lijamu, mzee."

"Na hiki cha kukanyaga?"

"Pedeli."

Alicheka mpaka akashikilia ukuta. "Wewe msomi! Kwani hii ni baiskeli? Hicho ni kikuku."

Makosa yangu yalizidi mabati ya Kibera. Siku moja nilimvika hatamu juu chini, lijamu ikaning'inia kwenye sikio. Farasi alisimama tu, akapumua, akaningoja nijisahihishe.

Kisha mguu ukavimba zaidi. Mwenye mazizi akaja na daktari wa mifugo, wakaushika, wakanong'onezana. Walipoondoka, saisi akaniambia, "Huyu anaenda Ijumaa."

Karibu nicheze. Alhamisi nzima nilisugua ngozi ya tandiko hadi nikaona meno yangu ndani yake. Nilimtajia farasi kila kipande, kikuku, mshipi, hatamu, bila kukosea hata kimoja. "Ukifika huko utusalimie," nikamwambia.

Ijumaa asubuhi nilitoka mbio na tandiko begani. Saisi alikuwa tayari anamtoa, kamba tupu kichwani.

"Mzee, mbona unamsafirisha uchi? Huko Ulaya si watatucheka!"

"Rudisha hiyo. Ni ya farasi anayekuja Jumatatu."

"Na kwenye ndege atavaa nini?"

"Ndege gani?"

Nikamweleza yote, hadi madirisha na nyasi. Yeye aliyecheka pedeli hakucheka. Farasi alinyoosha shingo, akanusa tandiko lake begani mwangu.

"Kijana," saisi akasema, "hakuna ndege. Anapigwa risasi hapo nyuma ya samadi, nyama wanapewa mbwa."