Aliyekuja Kusahihisha Picha

Wengine mtasema macho yangu yalichoka. Semeni. Mimi nilikuwa pale, saa tisa mchana, sijaonja pombe wala sijasinzia, na nitawaeleza vile ilivyokuwa.

Miaka ya tisini nilifanya kazi katika duka la kuchapisha hapa Machakos mjini. Kompyuta yetu ilikuwa kuukuu, skrini yake imezoea herufi za kijani tu. Watu walituletea disketi za picha zilizotayarishwa Nairobi kwa mashine kubwa za uchapaji, na kwetu hazikufunguka. Basi nikaandika programu ndogo ya kugeuza faili hizo ziwe nukta, hii inawaka, hii imezimwa, mpaka uso utokee kwenye skrini. Alama ndogondogo programu ilizihesabu kuwa uchafu, ikazisafisha.

Wiki moja mama mmoja mzee kutoka Kithyoko aliacha disketi yenye picha ya marehemu binti yake, tumchapie kijitabu cha mazishi. Picha yenyewe ilikuwa imepotea huko Nairobi. Hawakuwa na nyingine.

Nikaigeuza. Uso ukashuka mstari kwa mstari, mzuri kweli. Nilikuwa karibu kuuchapa niliposikia mtu nyuma yangu akiuliza kwa upole kama amechelewa.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa sweta ya maruni isiyo na kifungo cha juu. Nikamwambia hajachelewa, nikamsogezea kiti. Nilidhani ni dadake marehemu. Wewe ungedhani nini?

Aliitazama skrini kwa muda mrefu.

"Ndugu yangu, umemziba mwanya," akasema. "Mtoto hatamjua."

Nikamuuliza mwanya gani. Akatabasamu anionyeshe: katikati ya meno ya juu, nafasi ndogo tu. Basi nikaketi nikizima nukta moja moja, yeye akinielekeza, kushoto kidogo, hapo, imetosha. Tulikaa hivyo karibu saa nzima. Niamini, sikuogopa hata kidogo. Ilikuwa kama kukaa na mtu wa kwetu. Mwishowe akashusha pumzi, akasema asante. Niliinama kuwasha printa, na nilipoinua kichwa hakuwepo.

Kesho yake yule mama alirudi na mjukuu wake wa miaka minne, ambaye tangu msiba alikuwa amekataa kuongea. Nikampa mtoto kijitabu. Akaweka kidole pale kwenye mwanya, akakiacha hapo.

"Mwaitu," akasema. Mama.

Nyanya yake akalia. Nikamwambia amshukuru yule binti yake mwingine aliyenisaidia. Akaniuliza binti gani, maana alizaa mmoja tu. Nikamweleza ile sweta.

"Hiyo niliipeleka mochari jana asubuhi avalishwe," akasema polepole. "Kifungo kilitoka nikiipiga pasi."

Alinishika mkono tu, akaushikilia.

Siku hiyo hiyo niliifuta ile sehemu ya programu iliyosafisha alama ndogondogo. Hadi leo, nikiletewa picha ya marehemu, huwauliza watu wake kwanza alikuwa akicheka vipi, na wengine huniona nimerukwa na akili.

Nawe, ukipewa uso wa mtu aliyeondoka uutengeneze, usiharakishe kuupendezesha. Na mtu akitokea akuambie umekosea, usimuulize yeye ni nani. Fanya vile amesema, umwache aende zake.