Ngolo Shingoni mwa Chungu

Mtu akikwambia vyungu vya Tadea wa kijiji cha Kingerikiti vilipendeza tangu mwanzo, anakudanganya. Vilikuwa imara, hilo silikatai, lakini shingo tupu, hata mstari mmoja hakuna. Kila mfinyanzi wa milima yetu alikuwa na alama yake. Ukoo wa Tadea ndio haukuthubutu.

Sababu waliijua wenyewe. Wakati wa Majimaji bibi yake, Vitalia, alificha mahindi porini ndani ya vyungu vyake vyenye alama ya ukoo. Askari wa Mjerumani wakavifukua, wakaulizia ile alama, wakafika hadi nyumbani na kumpiga risasi mumewe mlangoni. Tangu hapo Vitalia alifinyanga bila alama, akamfundisha hivyo binti yake Restituta, naye Restituta akamfundisha Tadea.

Basi ikaja miaka ya tisini, kila kitu ruksa. Soko la Mbinga likajaa ndoo za plastiki na sufuria za kung'aa. Nani tena abebe chungu kisicho na sura? Jumamosi tatu mfululizo Tadea alirudi na mzigo wake vilevile. Akachoka. Akachukua kijiti, akachora shingoni mwa chungu kibichi shamba la kwao: ngolo, yale mashimo ya kulimia yanayoshuka mlimani safu kwa safu. Alipokichoma, nakwambia, kilitoka kizuri hata mwenyewe akakaa chini kukitazama.

Mama yake alipokiona, alikitupia kanga kukifunika. "Kivunje, mwanangu. Watajua ni cha kwetu."

"Nataka wajue, mama."

Restituta akaingia ndani. Lakini Jumamosi alijifunga kanga, na miaka yake themanini na ushei, akapanda lori pamoja naye. Hakuweza kumwachia mtoto balaa lile peke yake.

Saa nne hivi akasimama mbele yao bwana misitu, mgeni kutoka Bukoba, kavaa kaki na buti. Akakiinua chungu, akakigeuza, akapitisha kidole juu ya ngolo.

"Shikamoo, bibi. Hiki kafinyanga nani?"

Tadea alitaka kujibu, mama yake akamshika mkono. Bibi kizee aliziangalia zile buti. Kisha akainuka, akasema kwa sauti ambayo hata wauza ndoo waliisikia.

"Marahaba. Kafinyanga binti yangu, Tadea. Mimi ni Restituta, na mama yangu alikuwa Vitalia, mfinyanzi wa Kingerikiti. Ukitaka kufika nyumbani kwetu, uliza tu. Utaonyeshwa."